Kujifunza Kujihami Katika Sataranji: Michezo ya Mabingwa, Mchezaji Anayekuzidi, au Injini?

Anayejifunza sataranji hufundishwa kushambulia mapema sana. Wiki za kwanza tu anajua kumtia mfalme mati (kumshambulia asipate pa kukimbilia), anajua kumtoa farasi kafara ili afungue njia, na anajua kupanga malkia na askofu katika mstari mmoja. Kujihami humfikia kwa kuchelewa, mara nyingi baada ya kupoteza michezo mingi ambayo ingeweza kuokolewa. Siku anapoamua kuliziba pengo hilo anakuta njia tatu mbele yake, na kila moja ina watetezi wake wenye sauti kubwa: kusoma michezo ya mabingwa waliosifika kwa ulinzi, kukaa ubaoni na mchezaji anayemzidi nguvu, au kufanya kazi na injini, yaani programu za kompyuta kama Stockfish na Leela Chess Zero.

Nimezitumia zote tatu kwa miaka mingi, na ninaamini ubishi juu ya ipi ni bora unatokana na kuchanganya kazi mbili zilizo tofauti. Kazi ya kwanza ni kujua kama mkao wa kete unashikika. Kazi ya pili ni kuushika kweli, huku saa inakwenda, moyo unadunda, na mpinzani anakutazama usoni. Njia hizi tatu hazifundishi kazi hizo kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo penye uamuzi wa mwanafunzi.

Jambo moja la istilahi kwanza. Ngome katika makala haya ni ile kete iendayo kwa mistari iliyonyooka. Mpangilio wa kujifungia, ambao mshambuliaji hawezi kuupenya hata akiwa na kete nyingi zaidi, nitauita boma.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia hizi kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni usahihi wa hukumu: ukiuliza kama mkao unaokoleka, jibu unaloletewa linaaminika kiasi gani? Cha pili ni ufafanuzi, yaani kama unapata sababu unayoweza kuibeba hadi kwenye mchezo mwingine. Cha tatu ni shinikizo, kwa kuwa ulinzi uliofanywa kwa utulivu nyumbani si ule unaotakiwa dakika tatu zikiwa zimebaki kwenye saa. Cha nne ni nafasi ya kurudia, na cha tano ni hatari zinazomnyemelea mwanafunzi anayeitumia njia husika bila uangalifu.

Usahihi wa hukumu

Hapa injini haina mshindani, na ni haki tuanze nayo. Zikibaki kete 7 au pungufu ubaoni, wafalme wakiwemo, hatuzungumzii makadirio tena, kwa sababu hifadhidata za Syzygy zina jibu kamili la mikao hiyo: ushindi, sare au kushindwa. Mtu aliyebishana na wenzake usiku kucha kuhusu ngome moja dhidi ya ngome na kitunda, ile kete ndogo ya mbele, anaweza sasa kupata jibu kabla hajamaliza kuuliza.

Kete zikiwa nyingi zaidi, injini hutoa namba, na namba hiyo hueleweka vibaya kuliko kitu kingine chochote katika sataranji ya leo. Wengi bado wanadhani kwamba 1.00 ni sawa na kuzidiwa kitunda kimoja. Kwa Stockfish sivyo ilivyo tangu toleo la 15.1 la mwaka 2022, ambapo kipimo kilipangwa upya ili 1.00 imaanishe kwamba upande ulio mbele una nusu ya uwezekano wa kushinda pale injini inapocheza na injini. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu ugumu utakaoupata wewe. Mkao wa sare kamili unaweza kukutaka utafute hatua moja pekee mara kumi mfululizo, nao mkao ulioandikwa 1.20 dhidi yako ukawa rahisi kuushika kwa sababu kila hatua ya kawaida inatosha.

Kuna pia suala la boma. Injini, hata zenye nguvu sana, zinaweza kuonyesha kwamba mshambuliaji yuko mbele sana, kisha zikasogeza kete huku na huko kwa hatua thelathini bila namba kubadilika. Ukiona namba imeganda hivyo, shuku kwamba mbele yako kuna boma, kisha uthibitishe kwa kucheza mkao huo mwenyewe.

Michezo ya mabingwa inabeba hukumu za binadamu, na nyingi ziliandikwa kabla ya kompyuta kuweza kuzikagua. Utakuta mchambuzi anasifu hatua ambayo leo tunajua ilipoteza, hasa penye mahesabu marefu. Lakini anaposema farasi akae wapi, au kete ipi ibadilishwe, mara nyingi bado yuko sahihi. Mchezaji anayekuzidi aliye mbele yako hukosea zaidi ya wote wawili, ila ana ujuzi mmoja ambao wao hawana: anakujua wewe. Anaweza kukwambia kwamba mkao fulani unashikika lakini wewe hutaushika leo, na hiyo ni hukumu ya kweli juu ya mchezo unaotaka kuucheza.

Ufafanuzi wa sababu

Kigezo hiki ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vyote, na hapa michezo ya mabingwa inang'aa.

Chukua mchezo wa Samuel Reshevsky na Tigran Petrosian uliochezwa Zurich mwaka 1953. Petrosian, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, alikuwa na kete nyeusi na hali yake ilikuwa ngumu. Vitunda vya Reshevsky vilikuwa d4 na e5 (herufi hutaja safu ya wima ya ubao, namba hutaja mstari wa mlalo), tayari kusonga, na askofu wake wa g4 alikuwa ameyakodolea macho miraba ya kati. Farasi wa Petrosian alikuwa c6, na mahali pake pazuri palikuwa d5, mbele ya vitunda hivyo, ambapo hakuna kitunda kingeweza kumfukuza. Njia ya kufika huko ilipita e7, na kwenye e7 ilisimama ngome yake mwenyewe. Katika hatua ya 25 Petrosian aliisogeza ngome hiyo mraba mmoja tu, hadi e6, pale pale ambapo askofu angeweza kuila. Hapakuwa na cheki, yaani shambulio la moja kwa moja kwa mfalme, wala tishio. Ngome ilikizuia kitunda cha e5, ikampisha farasi, na ikawa tayari kuliwa. Askofu alipoila, kitunda cha f7 kikala na kuziba pengo, farasi akatua d5, na shambulio likakosa pa kupita. Muda mfupi baadaye Reshevsky aliona ni heri atoe ngome yake kwa askofu aliyekuwa amejipachika d3, na mchezo ukaisha kwa sare katika hatua ya 41.

Ukiuweka mkao huo mbele ya injini, itakupa orodha ya hatua na namba zake. Haitakwambia kwamba Petrosian alianza kwa kujiuliza ni kete gani inayomzuia farasi wake. Mimi nilipolielewa swali hilo nililichukua nikaenda nalo kwenye michezo yangu, na hadi leo ninapobanwa huwa naanza hapo: kipande changu bora kingependa kukaa wapi, na nani amekaa njiani? Hakuna namba iliyowahi kunipa kitu cha aina hiyo.

Mabingwa hufundisha pia kwamba ulinzi huanza kabla ya shambulio. Mwaka 2000 jijini London, Vladimir Kramnik alimvua Garry Kasparov taji kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5, na Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja. Silaha kubwa ya Kramnik kwa kete nyeusi ilikuwa Ulinzi wa Berlin, mfuatano wa hatua za ufunguzi ambao malkia hutoweka ubaoni katika hatua ya 8, mfalme mweusi akapoteza haki ya kujificha nyuma ya ngome, na vitunda vyake viwili vikabebana katika safu ya c. Kwa macho ya haraka mkao huo hauvutii. Kramnik aliuchagua kwa sababu ulimnyima mpinzani aina ya mchezo aliyoipenda kupita zote.

Mchezaji aliye hai ana faida ya kuulizwa. Ukimwambia, "Sikuiona hiyo," atakuuliza ulikuwa unaangalia nini, na jibu lako litafichua kosa lenyewe, ambalo mara nyingi ni woga uliojivika vazi la mahesabu. Ubora wa njia hii hutegemea mtu mwenyewe. Wapo wachezaji wenye nguvu sana wasioweza kueleza walichofanya, na wapo wa kiwango cha kati wenye kipaji cha ualimu.

Injini haielezi. Inaweza kuhojiwa, lakini maswali lazima uyabuni wewe: cheza hatua uliyoifikiria, uone inaadhibiwaje, mpe mshambuliaji zamu mbili mfululizo, uone tishio hasa lilikuwa lipi. Mtu mwenye nidhamu hiyo hupata mengi, na asiye nayo huambulia mshale wa rangi unaoelekea mraba fulani.

Shinikizo

Mwaka 2016 jijini New York, Sergey Karjakin alimkabili Magnus Carlsen kuwania ubingwa wa dunia. Katika mchezo wa 3 na wa 4 injini zilionyesha kwamba Carlsen alikuwa na njia za kushinda, na mara zote mbili Karjakin aliponyoka na sare, wa kwanza kwa hatua 78 na wa pili kwa hatua 94. Kwenye michezo ya kasi ya kuamua mshindi aliokoa mwingine uliofika hatua ya 84, kwa kumfikisha mfalme wake mahali ambapo hakuwa katika cheki wala hakuwa na hatua halali. Carlsen alibaki na taji, lakini anayetaka kuona maana ya kung'ang'ania aicheze michezo hiyo hatua kwa hatua. Karjakin alikuwa akitafuta kwa saa nyingi hatua itakayomlazimisha Carlsen athibitishe upya kwamba anajua kushinda, na ndiyo maana mikao iliyohukumiwa na injini kuwa imekwisha haikuisha.

Shinikizo la namna hiyo huwezi kulionja kwa kusoma tu, kwa kuwa matokeo unayajua. Mchezaji anayekuzidi ndiye analileta kwa ukamilifu. Hana haraka. Anaacha mvutano ubaki, anarudisha kete alikoitoa ili akuone utafanya nini, anakuachia hatua mbili zinazofanana ambazo moja ni shimo. Injini kamili huadhibu kila kosa, na hilo ni zuri. Lakini pale inapoona njia zote ni sare haina sababu ya kuchagua ile itakayokutesa, hivyo mara nyingi hukurahisishia pale ambapo binadamu angekutega. Ukiishusha kiwango mambo hubadilika kwa namna isiyo ya kawaida: inacheza vizuri hatua kadhaa, kisha inatupa kete kwa kosa ambalo mtu asingelifanya.

Hata hivyo mashine nayo inaweza kutisha. Mwaka 1997, katika mchezo wa pili dhidi ya Deep Blue, kompyuta ya IBM, Kasparov alikubali kushindwa, na baadaye wachambuzi wakaonyesha kwamba alikuwa bado na njia ya kupigania sare kwa cheki za mfululizo. Imani kwamba mpinzani hakosei ilimfunga mikono bingwa wa dunia. Anayejifunza mbele ya injini kila siku ajichunguze kama imani hiyo haijamwingia.

Nafasi ya kurudia

Nilipokuwa naanza nilipoteza mwisho wa mchezo wa ngome dhidi ya ngome na kitunda kwa mzee mmoja aliyenizidi sana. Mimi nilikuwa na mfalme e8 na ngome. Yeye alikuwa na mfalme d5, kitunda e5 na ngome yake. Nilirudisha ngome yangu mstari wa mwisho kumlinda mfalme, nikapoteza. Akaupanga tena. Nikafanya vilevile. Mara ya tatu akaweka kidole juu ya ngome yangu, akasema, "Kijana, huyu amelala. Mwamshe, mpeleke a6."

Huo ndio ulinzi wa Philidor, unaojulikana tangu karne ya 18. Ngome ikikaa a6, mfalme wa mshambuliaji hawezi kupanda mstari wa sita. Akikisogeza kitunda hadi e6 ili kimkinge, ngome inateremka mara moja hadi a1 na kuanza kutoa cheki kutoka nyuma, na mfalme hana tena pa kujificha kwa kuwa kitunda chake kimeshapita mbele. Ngome iliyolala mstari wa mwisho, kwa upande mwingine, hupoteza dhidi ya kitunda cha katikati mshambuliaji akijua kazi yake.

Mzee alinionyesha mara tatu, na asingeweza kunionyesha mara thelathini. Hizo ishirini na saba zilizobaki nilizipata kwa injini, ambayo haichoki, haichukii, na inakaa tayari saa yoyote. Kwa mikao ya sare inayojulikana, kama ngome peke yake dhidi ya ngome na askofu, ambayo kinadharia kwa kawaida ni sare lakini hupotezwa mara nyingi, hakuna mwenza wa mazoezi anayeikaribia. Lengo lako hapo ni kufikisha hatua 50 bila kete kuliwa, ambapo kanuni hukuruhusu kudai sare, na kila ukishindwa unaanza upya.

Michezo ya mabingwa hurudiwa kwa namna nyingine: funika hatua za mlinzi kwa karatasi, jipe dakika kumi, andika hatua yako na sababu yake, kisha funua. Ni kazi nzito, na wengi huiacha baada ya mchezo wa pili.

Hatari ya kila njia

Kwa mabingwa, hatari ni kuchukua mtindo bila msingi wake, ukaanza kutoa ngome kafara kwa sababu Petrosian aliitoa. Kwa mchezaji aliye hai ni kurithi upendeleo wake: asiyependa mikao ya kubanwa atakufundisha kuikimbia hata pale inapokufaa. Kwa injini hatari ni kubwa zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu haionekani. Mtu anawasha uchambuzi kabla hajafikiri, anaona hatua sahihi, anatikisa kichwa kama vile alikuwa akiijua, na kesho yake ubaoni hakuna kilichobaki. Dawa ni kuandika mawazo yako kwanza, ndipo uiwashe.

Uchague kwa kuangalia hali yako

Ikiwa bado unapoteza kete kwa kutoona tishio la hatua moja, injini itakuambia ulipokosea lakini haitakuzuia kukosea tena. Mtafute mtu anayekuzidi kidogo, si sana, acheze nawe polepole na akulazimishe kutaja tishio la mpinzani kabla ya kila hatua yako.

Ikiwa unaona matishio ila ukibanwa hujui mpango, nenda kwa mabingwa. Anza na Petrosian kwa kuzuia na kuziba, kisha Emanuel Lasker, aliyeshika taji kuanzia 1894 hadi 1921, kwa ukaidi wa kuokoa mikao iliyoharibika. Michezo sita iliyosomwa kwa karatasi ya kufunikia inatosha kwa miezi miwili.

Ikiwa unafika mwisho wa mchezo ukiwa salama na bado unashindwa, chagua mikao mitano ya sare, ukianza na Philidor, na uicheze dhidi ya injini kamili hadi uishike mara kumi mfululizo. Hapa sioni sababu ya kuanza na njia nyingine.

Ikiwa nyumbani unachambua vizuri lakini mashindanoni unakata tamaa na kukubali kushindwa mapema, tatizo lako ni shinikizo. Mwombe mchezaji anayekuzidi achukue upande ulio bora katika mikao iliyotoka kwenye michezo yako uliyoipoteza, mkiwa na saa, wewe ukiwa na dakika kumi na yeye tano.

Na ikiwa uko mbali na wachezaji wenye nguvu, unganisha njia mbili zilizobaki kwa mpangilio maalumu. Chukua mchezo wa bingwa hadi pale ulinzi unapokuwa mgumu, ucheze wewe kuanzia hapo dhidi ya injini, kisha ulinganishe ulichofanya na alichofanya bingwa. Namba za injini zitazame mwisho kabisa, ukiwa umeshaandika kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mkao ulishikika au ulivunjikia wapi.